Neno "Mchango": Lugha ya Kiswahili na Fungu la Mwanamke katika Kipato, Afya na Siasa

1. Utangulizi

Wanaisimu wanaoisifu lugha ya Kiswahili aghalabu huanza na hoja moja iliyo ya kweli: sarufi ya Kiswahili haibagui jinsi. Kiwakilishi "yeye" ni cha mwanamume na ni cha mwanamke. Kiambishi "a-" katika "analima", "anatibu" na "anatawala" hakisemi kama mtendaji ni baba au mama. Majina ya vyeo nayo ni hivyo hivyo: mwalimu, mganga, mbunge, hakimu, rais. Mzungumzaji wa Kifaransa au Kiarabu hulazimika kuchagua umbo la kike au la kiume. Mzungumzaji wa Kiswahili halazimiki.

Hata hivyo, jamii inayozungumza lugha hiyo isiyobagua haijagawa kwa usawa shamba, mshahara, dawa wala kiti cha uongozi. Swali la mhadhara huu linatokana na hitilafu hiyo. Ikiwa sarufi haina lawama, je, lugha yote haina lawama? Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba ubaguzi, uliokosa nafasi katika viambishi, umejipatia makazi katika msamiati na katika matumizi: katika maneno yanayoamua lipi ni kazi na lipi si kazi, nani amechangia na nani "amekaa tu", nani amechaguliwa na nani "amepewa". Maneno hayo si mapambo ya mazungumzo, kwani ndiyo yanayotumika mahakamani, kliniki na katika mikutano ya hadhara kugawa vitu halisi.

Mifano itatolewa zaidi katika maeneo ya Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, na hasa katika kata kama Kwamndolwa. Eneo hilo lina sababu tatu za kufaa. Kwanza, ni mahali ambapo Wazigua, ambao wanahesabiwa na wanaanthropolojia miongoni mwa jamii za mashariki mwa Tanzania zilizofuata ukoo wa mama, wanapakana na Wasambaa wanaofuata ukoo wa baba. Pili, ni eneo la mashamba ya mkonge, ambako wazo la kazi ya mshahara liliingia mapema. Tatu, Kiswahili huko ni lugha ya kila siku ya soko, msikiti, kanisa na baraza, wala si lugha ya ofisini peke yake.

2. Kazi na kipato

Mkonge uliletwa Afrika Mashariki mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, ukapandwa kwanza karibu na Pangani. Kutoka hapo ulisambaa bonde lote la mto Pangani hadi Korogwe, ambako majina kama Magunga, Ngombezi, Hale na Mwelya bado yanakumbusha mashamba hayo. Pamoja na mkonge uliingia msamiati wake. Vibarua walioandikwa kutoka mbali waliitwa "manamba", kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Kazi ilihesabiwa kwa "kipande", yaani kadi iliyowekwa alama kila siku ya kazi hadi zitimie siku 30.

Mtu anaweza kuuona udhalili wa jina "manamba", na udhalili huo ulikuwapo. Lakini kuna jambo jingine ambalo halijatazamwa vya kutosha. Manamba alihesabiwa. Mwanamke aliyemfuata mumewe kambini, akalima kishamba cha mahindi pembezoni, akachota maji, akapika, akalea, hakuwa na kipande kwa kazi hiyo. Hapakuwa na kadi ya kuitia alama. Tangu hapo neno "kazi" likajiweka upande wa mshahara, na shughuli zisizo na mshahara zikabaki bila jina.

Athari yake inasikika hadi leo katika kijineno kifupi, "tu". Mkusanya takwimu anapomwuliza mwanamke wa kijijini, "Unafanya kazi gani?", jibu la kawaida ni "Sina kazi, nalima tu", au "Nipo nyumbani tu". Mwanasarufi ataliita "tu" hilo kielezi cha kuwekea mpaka. Kwa kweli ni hukumu. Linaondoa katika hesabu siku nzima ya jembe, kinu, kuni na mtoto mgongoni. Wala halitamkwi na wanaume peke yao. Mwenye kunyimwa ndiye analitamka kwanza, tena kwa unyenyekevu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, kati yao wanawake 31,687,990, yaani zaidi ya nusu. Taifa ambalo zaidi ya nusu ya watu wake wanaweza kujibu swali la kazi kwa neno "tu" lina tatizo la uchumi ambalo ni tatizo la semantiki pia.

Suala hili lilifika katika Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na mume na mke kwa juhudi za pamoja, na inaitaka izingatie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Kabla ya hapo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema kupika na kulea ni wajibu wa mke, na wajibu si mchango. Wengine walisema ni mchango. Mahakama ya Rufani, kwa hukumu iliyosomwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikubaliana na kundi la pili: kazi za nyumbani za mke ni mchango unaompa haki katika mali. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilikuwa zimemaliza fungu lake. Lakini maana ya neno ilibadilika, na wanawake wengi waliokuja baada yake walipata kwa sababu hiyo.

Hapa ndipo mtaalamu wa Kiswahili anapopaswa kusogea karibu. Hukumu hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na Sheria ya Ndoa kadhalika. Mashauri ya ndoa ya watu wa kawaida husikilizwa katika Mahakama ya Mwanzo, ambayo lugha yake ni Kiswahili. Hivyo hakimu alitakiwa kuichukua dhana kutoka katika kitabu cha Kiingereza na kuitamka kwa Kiswahili mbele ya mdaiwa na mdai. Alitamka "mchango". Sasa mchango, kwa mkazi wa Korogwe, ni nini? Ni fedha za harusi. Ni fedha za msiba. Ni fedha za ujenzi wa darasa. Ni kitu kinachoandikwa katika daftari mbele ya jina la mtoaji. Mwanamke aliyeolewa miaka 20 akiulizwa, "Mchango wako katika nyumba hii ulikuwa nini?", huitafuta noti katika kumbukumbu yake. Asipoiona, hujibu kwa uaminifu kabisa: "Sikuchangia kitu." Sheria imempa haki, na neno limemnyang'anya, na hakuna aliyesema uongo.

Angeulizwa kwa njia nyingine, "Katika nyumba hii jasho lako liko wapi?", angejibu kutwa nzima.

3. Mirathi na ardhi

Kiswahili kina neno "mjane" na kina neno "mgane", mwanamume aliyefiwa na mkewe. Mjane anajulikana na kila mtu. Mgane anajulikana na wasomaji wa kamusi. Sababu haiko katika mofolojia. Mwanamume akifiwa, hali yake kisheria na kiuchumi haibadiliki sana: nyumba yake inabaki yake, shamba lake linabaki lake. Mwanamke akifiwa huingia katika hali mpya kabisa, na hali mpya hudai jina. Lugha huyapa majina yale yanayohitaji kutajwa.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Kitenzi "rithi" kwa kawaida huchukua yambwa iliyo kitu: kurithi shamba, kurithi ng'ombe, kurithi nyumba. Lakini lugha yetu ina usemi "kurithi mjane". Kisintaksia mjane amewekwa mahali pa shamba. Mtu anayeweza kurithiwa ni vigumu kumwona kuwa mrithi.

Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililoandikwa kwa kufuata mila za jamii za ukoo wa baba, liliweka kanuni kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili walionyimwa mali kwa kanuni hizo. Kwa familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi Korogwe na Handeni, sheria ya dini inampa mjane thumni ya mali ikiwa mumewe ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Kwa hiyo mwanamke huyo huyo, juu ya ardhi hiyo hiyo, anaweza kuwa mrithi au asiwe mrithi kutegemea jina la sheria itakayotajwa kwanza kikaoni. Mara nyingi atakayeitaja kwanza ni shemeji.

Kumbukumbu ya ukoo wa mama miongoni mwa Wazigua inaongeza funzo. Watu husema "mila zetu hazimpi mwanamke ardhi" kana kwamba mila ni moja kwa nchi nzima. Katika jamii ya ukoo wa mama, mtoto huhesabiwa kwa mamaye na hupitia kwa mama kudai mahali pake. Haina maana kwamba wanawake ndio waliotawala. Aghalabu mjomba ndiye aliyekuwa na sauti. Lakini inatosha kuonyesha kwamba neno "mila", linapotumiwa kwa umoja na bila mwenyewe, huficha uchaguzi: kati ya mila nyingi, imechaguliwa ile inayomfaa msemaji.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ilijibu jambo hili kwa uwazi. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Sheria hiyo inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, wasiopungua watatu kati yao wawe wanawake. Ni hatua kubwa. Lakini mjumbe aliyemo barazani kwa hesabu ya sheria bado anahitaji maneno ya kusemea. Mjadala ukiendeshwa kwa msamiati wa "mwenye shamba" na "aliyekuja kuolewa", wajumbe watatu watakuwa wamekaa mezani huku hoja imekwisha kuamuliwa katika sentensi ya kwanza.

4. Mwili na afya

Katika afya ya uzazi, Kiswahili kina kitenzi cha ajabu: "kujifungua". Mwanamke hujifungua mwenyewe. Kiambishi cha kujirejea kinamfanya awe mtenda na mtendwa. Ndiye mwenye fundo na ndiye anayelifungua. Kando yake kuna "kuzalishwa", chenye viambishi vya utendeshaji na utendwa, ambamo mwanamke anafanyiwa jambo na mkunga au daktari. Itakuwa rahisi mno kusema kitenzi cha kwanza ni cha heshima na cha pili ni cha dharau. Mimba inapokuwa na matatizo, kuzalishwa na mtaalamu ndiko kunakookoa maisha. Maana inayopaswa kulindwa ni ile ya kwanza ndani ya tendo la pili: kwamba aliyelala kitandani bado ni mtu anayeulizwa na kuelezwa.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya wanawake 556 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Tofauti hiyo, hata ikisomwa kwa tahadhari ambayo makadirio ya aina hii hudai, ni kubwa. Nyuma yake kuna wauguzi, zahanati, vituo vya upasuaji, magari na damu salama. Kuna pia mabadiliko ya usemi. Zamani mama alipofariki katika uzazi, matanga yalifungwa kwa maneno "ni kazi ya Mungu". Ni maneno ya faraja na hayapaswi kudharauliwa. Lakini yalifunga pia mlango wa kuuliza. Istilahi "kifo kitokanacho na uzazi", ingawa ni nzito mdomoni, ina kitenzi "tokana", na kitenzi hicho kinadai sababu: kilitokana na nini? Damu? Kuchelewa? Kuchelewa wapi, nyumbani, njiani, au mlangoni pa wodi?

Kuchelewa nyumbani kunalo neno lake, nalo ni "ruhusa". Mama mwenye homa ya malaria akiwa mjamzito, katika eneo kama Korogwe ambalo limekuwa kituo cha utafiti wa malaria kwa miaka mingi na lilishiriki katika majaribio ya chanjo ya RTS,S kwa watoto, anaijua dawa na anaijua njia ya kwenda hospitali. Linalosubiriwa ni ruhusa na nauli, na vyote viwili viko kwa mtu mmoja. Hapo kipato na afya hukutana. Asiye na fungu katika mavuno hana nauli yake. Asiye na nauli huomba. Na anayeomba husubiri.

Kuna pia yale yasiyotajwa. Hedhi ina tafsida nyingi: kuwa mwezini, kuwa katika siku zake. Tafsida ni stara, na stara ni sehemu ya adabu ya Kiswahili. Hata hivyo, mwaka 2018 kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa katika taulo za kike, na mwaka 2019 ikarudishwa, na mjadala ukawahitaji wabunge kulitaja jambo hilo kwa jina ndani ya ukumbi wa Bunge. Jambo lisilotajwa haliingii katika bajeti. Kadhalika mwanafunzi aliyepata mimba. Lugha ya kawaida ilisema "amepata mimba", kana kwamba ameiokota njiani. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Kitenzi "pa" kikamrudisha mtenda katika sentensi. Ilichukua hadi Novemba 2021 kwa Serikali kutangaza kwamba msichana mwenyewe anaweza kurudi katika shule rasmi baada ya kujifungua.

5. Uongozi

Katika siasa neno la kuchunguzwa ni "viti maalumu". Utaratibu huo, ulioimarishwa kwa hatua hadi kufikia asilimia 30 mwaka 2005, umeingiza wanawake wengi bungeni; baada ya uchaguzi wa mwaka 2020 viti hivyo vilikuwa 113. Faida yake si ya kubishaniwa. Lakini katika mazungumzo mbunge wa jimbo "amechaguliwa" na mbunge wa viti maalumu "amepewa". Kiti kilichotolewa huonekana kuwa na mtoaji, na mpewaji huonekana kudaiwa shukrani.

Korogwe yenyewe inatoa mfano wa namna ya kuvuka mpaka huo. Mary Chatanda aliingia bungeni kwa viti maalumu, kisha mwaka 2015 akagombea na kushinda jimbo la Korogwe Mjini. Mwaka 2022 alichaguliwa kuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake Tanzania, ambao mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Bibi Titi Mohamed. Katika ngazi ya taifa, Anne Makinda alikuwa Spika wa kwanza mwanamke, kuanzia 2010 hadi 2015, na tarehe 19 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais. Sarufi haikutikisika: Mheshimiwa Spika, Mheshimiwa Rais. Mitaani yakaongezwa "Mama Makinda", "Mama Samia". Neno "mama" ni heshima kubwa katika Kiswahili, na kulikataa kungekuwa ukosefu wa adabu. Lakini mama hutarajiwa kuvumilia na kulisha, ilhali kiongozi hutarajiwa kuulizwa hesabu. Raia anayemwita kiongozi wake mama na akamwuliza hesabu hajavunja heshima yoyote. Uwepo wa mwanamke Ikulu haupimwi kwa cheo chake tu. Unapimwa pia kwa nauli ya yule mjamzito wa Kwamndolwa.

6. Hitimisho: wajibu wa wataalamu wa Kiswahili

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Kwa taaluma ya Kiswahili, hili ni tukio kubwa. Mafungu ya sheria za ndoa, ardhi na mirathi yanatakiwa kuwa na maneno ya Kiswahili yatakayodumu pengine kwa vizazi vitatu. Maneno hayo yatachaguliwa na watafsiri, na watafsiri ni wanafunzi wa vyuo vyetu.

Mtafsiri anayeandika "mchango" na kusonga mbele hajakosea kwa kamusi. Lakini amemwacha mwanamke wa Korogwe akitafuta noti ambayo hakuwa nayo. Angeandika "mchango wa fedha, mali au kazi, ikiwamo kazi ya kutunza nyumba na kulea watoto", angekuwa ameiweka hukumu ya mwaka 1983 ndani ya sentensi ambayo hakimu wa Mwanzo ataisoma kwa sauti. Fasiri ndefu kidogo, lakini ina uzito wa ekari mbili za shamba.

Wapo watakaosema kwamba maneno hayalishi mtu, na kwamba usawa utaletwa na mikopo, zahanati na kura. Ni kweli kwamba neno peke yake halilishi. Wala haitoshi kubadili majina na kuacha mafungu kama yalivyo. Lakini mkopo hutolewa kwa dhamana, dhamana ni mali, mali hugawanywa kwa hukumu, na hukumu ni maneno. Mnyororo huo unaanzia mahali ambapo mtu mmoja anamwuliza mwingine, kwa Kiswahili, "Kazi yako ni ipi?" Wanafunzi wa lugha wana wajibu wa kuhakikisha kwamba anapojibu "nalima", hakuna sababu tena ya kuongeza "tu".